Ushahidi wa Lugha Juu ya Madai ya Ukamilifu wa Kiroho

Tangu zamani wametokea watu wanaodai kwamba wamefika mahali ambapo wenzao hawajafika: wamefunuliwa yaliyofichika, wamepandishwa daraja na waalimu wasioonekana, au wanasema kwa ndimi ambazo hawakujifunza. Madai ya namna hii si rahisi kuyapima. Hali ya moyo wa mtu haina mizani, na asemaye kwamba ameona kilicho nyuma ya pazia hawezi kulazimishwa kulifunua pazia hilo mbele ya watu. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameyaacha mambo haya kwa waamini na wapinzani wao, nao aghalabu wameshindana kwa makelele zaidi ya hoja.

Walakini liko jambo moja ambalo husahauliwa. Dai la kiroho, likitaka kuaminiwa na watu wengine, halina budi kuvaa maneno. Hutaja lugha, au kitabu, au cheo, au jina, au tarehe. Na maadamu limevaa maneno, limekwisha ingia katika nchi ambayo mwanafunzi wa lugha anazijua njia zake. Yeye hawezi kusema kama roho ya fulani imefika juu au haikufika. Lakini aweza kusema kama lugha iitwayo Kisanskriti ni Kisanskriti kweli, kama barua iliyosemekana kutoka kwa mwenye hekima wa Tibet ina maneno ya mtu mwingine ndani yake, na kama neno lililoazimwa katika dini ya kale limebaki na maana yake au limegeuzwa. Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo habari zake zimeandikwa kwa ukamilifu: ndimi za Hélène Smith wa Geneva, na ngazi ya madaraja ya Chama cha Theosofia.

MANENO YENYEWE KATIKA KISWAHILI

Kabla ya kwenda mbali yafaa kutazama jinsi Kiswahili kinavyoyataja mambo haya, kwa kuwa lugha yetu imekwisha yapambanua tangu zamani. Elimu ya siri huitwa elimu ya batini, kinyume cha dhahiri. Tendo la ajabu litokealo kwa walii huitwa karama, nalo hutengwa na muujiza, ambao ni wa mtume. Masheikh wengi wa tasawufu walifundisha kwamba mtume hudhihirisha muujiza wake kwa sababu ametumwa kwa watu, lakini walii afadhali aifiche karama yake, isije ikawa mtego wa majivuno. Tena, kijana au mwari hufundwa, na mtu hutiwa chamani; maneno hayo mawili hayatoi habari ya usafi wa moyo wa mtu, bali yaeleza tu kwamba amepitishwa katika mafunzo au desturi fulani. Kuna pia neno kilinge, yaani mahali mganga afanyiapo kazi yake, na maneno ya kilinge ni maneno yaliyofumbwa, asiyoyaelewa asiyehusika.

Kwa hiyo Mswahili anayo maneno ya kutenga mambo matatu: kujua siri, kuingizwa katika kundi, na kuwa mtu mwema aliyekaribia Mungu. Kama itakavyoonekana, vyama vingi vya batini hupata nguvu yao kwa kuyachanganya mambo hayo matatu hata yaonekane kuwa ni jambo moja.

NDIMI ZA GENEVA

Catherine-Élise Müller alizaliwa mwaka 1861, baba yake akiwa Mhungari. Alifanya kazi ya dukani katika mji wa Geneva, Uswisi, naye alisifiwa kwa bidii na adabu. Nje ya kazi yake alikuwa kiti, kama wasemavyo watu wa Pwani: katika vikao vya kuwaita wafu alipoteza fahamu zake za kawaida, na wengine walisema kwa kinywa chake. Hakutaka malipo kwa kazi hiyo. Théodore Flournoy, profesa wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Geneva, alianza kuhudhuria vikao vyake mwezi wa Desemba 1894, akavifuata kwa miaka mitano. Kitabu chake, Des Indes à la planète Mars, ambacho chapa yake ina mwaka 1900, kilimpa mwanamke huyo jina la Hélène Smith, nalo ndilo alilojulikana kwalo ulimwenguni.

Madai yaliyotoka kinywani mwake yalikuwa makubwa. Alisemekana kuwa katika maisha ya zamani alikuwa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa. Na kabla ya hapo alikuwa Simandini, mke wa mtawala wa Kihindi aliyeitwa Sivrouka Nayaka katika karne ya 15. Fauka ya hayo, roho yake ilisemekana kusafiri mpaka sayari ya Mirihi, ikaona watu wake na nyumba zao, ikajifunza lugha yao na maandishi yao.

Hapo ndipo ushahidi wa lugha ulipopata nafasi yake. Flournoy hakucheka wala hakusadiki. Aliandika kila neno. Alipokwisha kusanya maandiko ya kutosha ya Kimirihi pamoja na tafsiri zilizotolewa na kiti mwenyewe, aliyapanga na kuyachambua kama ambavyo mtu angechambua lugha ya kabila asilolijua. Aliona kwamba sauti za lugha hiyo zote zamo katika Kifaransa. Mpangilio wa maneno ulikuwa ule ule wa Kifaransa, neno kwa neno. Hata tabia ndogo za Kifaransa zisizo na sababu nje ya Kifaransa zilikuwamo. Mathalan, Mfaransa akiuliza kama mtu atarudi, huingiza sauti t kati ya kitendo na kiwakilishi, nayo t hiyo haina maana yoyote. Ipo ili irabu mbili zisigongane. Kimirihi nacho kiliweka konsonanti moja, m, mahali pale pale.

Mfano wa nyumbani utafahamisha uzito wa jambo hili. Tuseme mtu adai kwamba amefunuliwa lugha ya nyota ya mbali, na katika lugha hiyo sentensi yenye maana ya "kitabu changu kizuri kimepotea" ikawa na kiambishi kimoja kinachorudiwa mara nne, mahali pale pale, na maneno yote yakagawanyika katika ngeli zile zile za Kiswahili. Hakuna mwanafunzi wa lugha za Kibantu ambaye angeitafuta nyota hiyo mbali kuliko Pwani ya Afrika ya Mashariki. Maneno yaweza kubuniwa kwa wingi kwa muda mfupi. Nahau ni kitu kingine. Mtu huibeba nahau ya lugha ya mama yake bila kujua kwamba ameibeba, na kwa sababu hajui, hawezi kuificha.

Katika mwaka 1898 Flournoy alimweleza Hélène kasoro hizo waziwazi. Baada ya majuma machache ilitokea lugha nyingine, ambayo ilisemekana kuwa ya sayari iliyo mbali zaidi, na lugha hiyo mpya haikukifuata Kifaransa kwa namna ile. Jambo hili ni la kuangaliwa sana. Kama Kimirihi kingekuwa lugha ya watu wengine, maneno ya profesa wa Geneva yasingeweza kukigusa. Lakini lugha ilijibu lawama: mchunguzi alipotia kidole penye kasoro, kasoro ilihamishwa. Mwaka 1901 Victor Henry, mwalimu wa Kisanskriti na sarufi linganishi mjini Paris, alitoa kitabu kizima juu ya Kimirihi, akajaribu kuonyesha asili ya maneno yake katika Kifaransa, Kijerumani, na hata Kihungari, lugha ya baba yake yule mwanamke. Baadhi ya asili alizozitaja zinatia shaka. Lakini njia ya sarufi aliyoifungua Flournoy haijapingwa kwa hoja ya maana.

Kwa upande wa Kihindi, Flournoy aliomba msaada wa wataalamu, miongoni mwao Ferdinand de Saussure, aliyekuwa akifundisha Kisanskriti katika chuo hicho hicho, na ambaye baadaye mafundisho yake yaligeuza elimu ya lugha ulimwenguni. Saussure alisikiliza na kusoma kwa uangalifu mwingi. Aliona kwamba maneno ya Simandini hayakuwa Kisanskriti, bali mchanganyiko wa silabi ambamo vipande vichache vya Kisanskriti cha kweli vilionekana hapa na pale. Hata hivyo aliona pia ajabu moja, naye hakuificha: katika maneno hayo yote hapakuwamo sauti f, na kweli Kisanskriti hakina f, ilhali katika Kifaransa sauti hiyo ni ya kawaida sana. Victor Henry alidhani kwamba f iliepukwa kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya jina la Kifaransa chenyewe, lugha ambayo kiti alitaka kuikimbia. Fumbo hilo dogo halikupata ufumbuzi unaoridhisha watu wote; lakini msomaji ataona namna mchunguzi mwaminifu anavyofanya kazi, kwamba huandika hata lile linaloelekea kumsaidia mpinzani wake.

Habari za mtawala Sivrouka nazo zilipatikana. Hazikuwamo katika vitabu vya historia vilivyoaminiwa. Flournoy alizikuta katika historia ya Bara Hindi iliyoandikwa na De Marlès na kuchapwa Paris mwaka 1828, kitabu cha zamani ambacho nakala zake zilikuwamo katika maktaba za Geneva. Mwanamke yule alikana kwamba amewahi kukiona, wala Flournoy hakumwita mwongo. Alieleza kwamba mtu aweza kusoma au kusikia jambo, akalisahau kabisa, kisha likamrudia likiwa na sura ya jambo jipya, naye akaapa kwa moyo safi kwamba hakulijua. Hilo aliliita kumbukumbu iliyofichika.

Kutokana na kazi hiyo Flournoy aliweka kanuni mbili ambazo zafaa kushikwa na kila mchunguzi wa mambo haya. Ya kwanza ni kwamba kila kitu chawezekana, kwa hiyo si haki kulikataa jambo kabla ya kulitazama. Ya pili ni kwamba uzito wa ushahidi hauna budi kulingana na ugeni wa jambo lenyewe. Mwenye kushika ya kwanza peke yake ataamini kila kitu. Mwenye kushika ya pili peke yake atafumba macho. Zikishikwa pamoja hulindana.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hataona ugeni katika habari ya mtu kusema kwa lugha isiyo yake. Katika ngoma za pepo za Pwani na visiwani kila kabila la pepo huja na tabia yake, mavazi yake na usemi wake, na kibuki cha Unguja kinabeba hata leo jina la Buki, yaani Madagaska. Hapa kipimo chaweza kuwa chepesi zaidi, maana Kimalagasi ni lugha inayojulikana, na usemi wa kilingeni waweza kulinganishwa nayo. Kuhusu ndimi zisizo za taifa lolote, William Samarin, ambaye kwanza alisifika kwa uchunguzi wake wa lugha za Afrika ya Kati, alichunguza kunena kwa lugha miongoni mwa Wakristo na kutoa kitabu mwaka 1972. Aliona kwamba sauti za ndimi hizo hutoka katika lugha azijuazo msemaji, na kwamba hazina mpango wa kuunganisha sauti na maana kama lugha nyingine za wanadamu. Hakusema kwamba wanenaji ni wadanganyifu, wala kwamba sala yao haina thamani. Alisema tu kwamba kile wanachonena si lugha.

KITABU AMBACHO HAKIKUONEKANA

Hélène Smith hakuunda chama. Mambo huwa mazito zaidi pale dai linapokuwa msingi wa chama chenye wanachama katika nchi nyingi. Chama cha Theosofia kiliundwa New York mwaka 1875 na Helena Petrovna Blavatsky, Mrusi, pamoja na Henry Steel Olcott, William Quan Judge na wengine. Mwaka 1879 Blavatsky na Olcott walihamia Bara Hindi, na mwaka 1882 makao makuu yaliwekwa Adyar, karibu na mji wa Madras ambao siku hizi huitwa Chennai. Mafundisho yake yalisemekana kutoka kwa Mahatma, yaani watu waliokamilika, wanaoishi faraghani huko Tibet na kwingineko na kuwaongoza wanadamu kwa siri.

Kitabu kikubwa cha Blavatsky, The Secret Doctrine, kilitoka mwaka 1888. Msingi wake ni mafungu ya kitabu cha kale kiitwacho Kitabu cha Dzyan, ambacho lugha yake ni Kisenzari, lugha ya siri ya makuhani wa kale. Blavatsky mwenyewe alitangulia kuonya kwamba lugha ya mafungu hayo haimo katika orodha ya lugha zinazojulikana na wataalamu. Basi mtaalamu alikuwa amefungiwa mlango kabla ya kubisha hodi. Hakuna ukurasa wa kitabu hicho uliowahi kuonyeshwa; hakuna sarufi ya lugha hiyo wala orodha ya maneno inayoweza kulinganishwa na lugha nyingine. Kimirihi cha Geneva kilikuwa na heri, kwa kuwa angalau kilisemwa na kuandikwa, kikapimwa.

Wengi wametafuta asili ya mafungu hayo. Gershom Scholem, mtaalamu mkubwa wa elimu ya batini ya Kiyahudi, alidokeza uhusiano na sehemu moja ya Zohari. William Emmette Coleman, Mmarekani, aliyeonyesha kwamba kitabu cha kwanza cha Blavatsky kilijaa maneno ya vitabu vingine bila kuvitaja, alidai kwamba amepata pia asili ya Dzyan. Lakini ushahidi wa dai hilo la pili hakuuchapisha, na kwa hiyo nalo halina nguvu. Kipimo kinachomhukumu Blavatsky hakiwezi kumwacha Coleman.

Barua za Mahatma ni jambo jingine, kwa sababu zipo. Zile alizopelekewa A. P. Sinnett tangu mwaka 1880 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London, na yeyote mwenye ruhusa aweza kuzisoma. Sinnett alichapisha sehemu zake katika The Occult World mwaka 1881. Miaka miwili baadaye Henry Kiddle, Mmarekani aliyekuwa mfuasi wa imani ya kuzungumza na wafu, alitangaza kwamba katika barua moja amekuta maneno ya hotuba yake mwenyewe, aliyoitoa mwaka 1880 huko Lake Pleasant, Massachusetts. Mwenye kulinganisha maandiko hayo mawili hawezi kukana kwamba ni maneno yale yale. Jibu lililotolewa na mwandishi wa barua lilikuwa kwamba Mahatma hakuandika kwa mkono wake. Alipeleka fikira zake kwa mwanafunzi kijana, naye Mahatma alikuwa amechoka, na sehemu zilizoeleza kwamba anayataja maneno ya mtu mwingine zilipotea njiani. Wengi waliridhika, wengine walikiacha chama.

Mwaka 1885 Richard Hodgson, aliyetumwa na Chama cha Uchunguzi wa Mambo ya Nafsi cha London, alitoa taarifa kwamba barua hizo zimeandikwa na Blavatsky na wasaidizi wake. Yapasa kuongeza kwamba mwaka 1986 Vernon Harrison, mchunguzi wa hati za mkono, aliandika katika jarida la chama hicho hicho kwamba kazi ya Hodgson ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa hiyo swali la mwandiko lingali na ubishi. Lakini swali la maneno ya Kiddle halitegemei mwandiko: hata aliyeshika kalamu akiwa nani, maneno yalikuwa yamekwisha semwa na mtu mwingine mbele ya hadhara.

NGAZI YA MADARAJA

Jambo la tatu ni la maana za maneno. Theosofia ilifundisha kwamba mwanadamu hupanda katika njia ya ukamilifu kwa kutiwa chamani mara tano, na C. W. Leadbeater aliyapanga madaraja hayo katika kitabu chake The Masters and the Path cha mwaka 1925. Majina yake yalichukuliwa katika Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha ya Ceylon na Burma. La kwanza ni sotapanna, yaani aliyeingia mkondoni. La pili sakadagami, arudiye mara moja. La tatu anagami, asiyerudi. La nne arahati, anayestahili. Na la tano asekha, asiye na la kujifunza tena.

Mtu akifungua maandiko ya Kipali atakuta kwamba manne ya kwanza yamo, lakini la tano si daraja la peke yake. Asekha ni sifa ya arahati mwenyewe: kwa kuwa amekamilika, hana la kujifunza tena. Kitu kimoja chenye majina mawili kimefanywa kuwa vidato viwili vya ngazi, ili pawe na nafasi ya mtu kuwa arahati na bado kuwa na mkubwa juu yake. Aidha, katika Kipali maneno hayo yaeleza vifungo vya moyo vilivyokatika, kama tamaa, chuki na majivuno. Katika ngazi mpya yalikuwa vyeo vinavyotolewa usiku katika ulimwengu usioonekana, na habari zake huletwa asubuhi na yule aliyesema kwamba ameona.

Tofauti kubwa zaidi imo katika sheria. Kanuni za watawa wa Kibuddha zina makosa manne yanayomwondoa mtawa katika utawa moja kwa moja, na la nne ni kudai kwa uongo hali ipitayo ya wanadamu. Maandiko yaeleza chanzo chake: wakati wa njaa, watawa waliokaa karibu na mto Vaggumuda walisifiana madaraja yao mbele ya watu wa mjini ili wapewe chakula, nao walinenepa ilhali wenzao walikonda. Hata mwenye hali hiyo kwa kweli hukatazwa kuitangaza kwa mtu asiye mtawa, ingawa kosa lake ni dogo. Na sheria humsamehe yule aliyejidhania tu kwa kukosea, bila nia ya kudanganya. Watu walioyatunga maneno haya walikuwa wamekwisha jua hatari zake, wakayawekea ulinzi. Theosofia ilichukua maneno, ikaacha ulinzi. Wahenga wamenena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1925. Jiddu Krishnamurti, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa amechaguliwa na Leadbeater huko Adyar mwaka 1909 awe chombo cha Mwalimu wa Ulimwengu, na Jumuiya ya Nyota ya Mashariki iliundwa kwa ajili yake mwaka 1911. Mwezi wa Agosti 1925, huko Huizen katika Uholanzi, viongozi kadhaa walitangaziana kupanda madaraja kadhaa katika muda wa siku chache. Tarehe 11 ya mwezi huo, Annie Besant, rais wa Chama cha Theosofia, alisimama katika kambi ya Ommen akataja hadharani majina ya baadhi ya mitume wa Mwalimu ajaye, waliokwisha kuwa arahati, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Krishnamurti hakuwapo, alikuwa California akimwuguza ndugu yake Nityananda, aliyekuwa na kifua kikuu.

Ahadi zilikuwa zimetolewa kwa jina la Mabwana kwamba Nityananda hatakufa, kwa kuwa anahitajiwa katika kazi. Krishnamurti alisadiki. Alimwacha ndugu yake Ojai, akasafiri kwenda Bara Hindi kwa sherehe ya miaka hamsini ya chama. Tarehe 13 Novemba 1925 Nityananda alikufa, na habari ilimfikia ndugu yake njiani kwa simu ya maandishi. Hapa dai la batini lilikuwa limetoka katika lugha zisizojulikana na vitabu visivyoonekana, likasema jambo moja dogo lenye kipimo: kwamba mtu fulani ataishi. Walioandika maisha ya Krishnamurti wamekubaliana kwamba imani yake katika mafundisho aliyolelewa nayo haikupona tena.

Tarehe 3 Agosti 1929, katika kambi ile ile ya Ommen, mbele ya Annie Besant na wanachama zaidi ya 3,000, Krishnamurti aliivunja Jumuiya iliyoundwa kwa ajili yake. Alieleza kwamba ukweli haufikiwi kwa njia iliyotengenezwa na chama chochote, wala hakuna mtu mwenye ufunguo wake. Mashamba na nyumba kubwa zilizotolewa kwa Jumuiya zilirudishwa kwa wenyewe. Chama cha Theosofia chenyewe hakikufa, nacho kingali na makao yake Adyar hadi leo.

NAMNA DAI LINAVYOJILINDA

Ukiyaweka mambo haya pamoja, huonekana milango mitatu ambayo dai hukimbilia linapofuatwa na ushahidi. Wa kwanza ni mbali: lugha ni ya sayari nyingine, au kitabu kimo katika pango la Tibet. Wa pili ni mjumbe: ujumbe ulikuwa safi, lakini kijana aliyeupokea alikosea, au Mwalimu alichoka. Wa tatu ni daraja: asiyetiwa chamani hawezi kufahamu. Mlango wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa hufanya duara. Mwenye daraja husema kweli kwa sababu ana daraja, na kwamba ana daraja hujulikana kwa sababu yeye, ambaye husema kweli, amesema hivyo. Katika duara hilo maneno matatu yaliyotengwa na Kiswahili hapo juu, yaani siri, chama na utakatifu, yameyeyuka kuwa moja.

Isidhaniwe kwamba waliosadiki walikuwa wajinga. Olcott alisaidia sana kuanzisha shule za Kibuddha huko Ceylon; Annie Besant alianzisha chuo cha Wahindu mjini Benares mwaka 1898, na mwaka 1917 alikuwa rais wa Indian National Congress; maktaba ya Adyar, iliyoanzishwa mwaka 1886, imehifadhi hati nyingi za Kisanskriti ambazo wataalamu wa leo wanazitegemea. Akili nyingi na imani isiyo na ushahidi zaweza kukaa katika kichwa kimoja bila kugombana, maadamu hakuna swali linalozikutanisha.

Wala isidhaniwe kwamba ushahidi wa lugha umemaliza kesi ya ulimwengu usioonekana. Haukumaliza, wala hauwezi. Umeonyesha tu kwamba Kimirihi kilizaliwa Geneva, kwamba barua moja ya Mahatma ilibeba hotuba ya Kiddle, na kwamba ngazi yenye vidato vitano ilipatikana kwa kulihesabu neno moja mara mbili. Mtu aweza kuyakubali yote hayo na bado akasali.

Kwa watafiti wa Afrika ya Mashariki iko kazi inayongoja. Semi za pepo, maneno ya kilinge na lugha za kunena katika makanisa mapya zimetajwa mara nyingi katika maandishi ya wageni na wenyeji, lakini ni mara chache kuandikwa neno kwa neno, pamoja na sauti zake na tafsiri aliyoitoa msemaji mwenyewe. Anayetaka kuifanya kazi hiyo aanze kama alivyoanza Flournoy: aandike kwanza, asicheke, asisadiki, na yale yasiyokubaliana na rai yake ayaandike kwa wino ule ule.